Nani Anamlipa Mtoto wa Mwenye Hoteli?

Sheria ya Ajira ya Kenya, ile ya mwaka wa 2007, haimhusu kila mtu anayefanya kazi. Mwanzoni kabisa, kwenye kifungu cha 3, inawataja wale iliowaacha nje. Wa kwanza ni wanajeshi. Kisha polisi na askari jela. Kisha Huduma ya Vijana kwa Taifa. Halafu, bila hata kupumua, inamtaja mwajiri na watu wanaomtegemea, pale ambapo wategemezi hao ndio wafanyakazi pekee wa biashara ya familia.

Jeshi, jela, na kibanda cha mama. Kuna sababu ya maana, bila shaka: serikali haiwezi kutuma mkaguzi wa kazi katika kila jikoni kuhesabu saa ambazo mtoto ameosha vyombo. Lakini orodha yenyewe imewakusanya watu wanaofanana kwa jambo moja. Wote wanafanya kazi mahali ambapo ukiuliza "kwa nini mimi?", jibu ni "kwa sababu nimesema."

Sisi tuna hoteli. Nikisema hoteli namaanisha ile ya kwetu Kenya, yenye meza saba, benchi, na ubao nje umeandikwa kwa chaki: chapati madondo, ndengu, sukuma ugali, chai. Iko Nakuru, karibu na steji. Kwa kuwa tuna kibarua mmoja wa kuosha vyombo ambaye si wa ukoo wetu, mwanasheria mjanja angeweza kusema kwamba msamaha wa kifungu cha 3 hautuhusu. Sawa. Ila nani amewahi kumpeleka mamake mahakama ya kazi kudai malipo ya chapati?

Anayezipika chapati hizo ni dada yangu. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2013, na Mama akamwambia ashike hapa kwa muda, matokeo yakija tutaona. Huo muda sasa ni miaka 12. Saa kumi na nusu asubuhi jiko limewaka, unga umekandwa, na kufikia saa kumi na mbili watu wa matatu wanakunywa chai. Anafunga saa mbili usiku. Jumapili anapumzika nusu siku kwa ajili ya kanisa, na hata hiyo nusu nyingine ni ya kuchagua maharagwe ya Jumatatu. Hajawahi kupokea mshahara. Hata mwezi mmoja.

Basi swali langu ni hili. Mtu aliyefanya kazi miaka 12 katika biashara ya mzazi wake bila kulipwa, anadai? Na kama anadai, anadai nini hasa?

Niseme mapema kwamba dada hajawahi kulala njaa. Nguo amenunuliwa. Alipougua mwaka wa 2017 hospitali ililipwa siku hiyohiyo, na Mama alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake. Kauli ya nyumbani kwetu ni moja: "Ukitaka kitu, sema." Ni kauli ya ukarimu, na Mama anaisema kwa moyo safi.

Lakini ichunguze vizuri. Anayeambiwa "ukitaka kitu, sema" ni lazima aseme. Mwanamke wa miaka 30 anasema anataka pesa za pedi. Anasema anataka nauli ya kwenda harusini Molo, na anaeleza anayeolewa ni nani, wamejuana wapi, na kwa nini asitume tu zawadi kwa simu. Mara nyingi anapewa. Mama si mchoyo. Ila kila shilingi inapita kwanza kwenye maelezo, na yapo mambo ambayo mtu mzima hataki kuyaeleza, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa ni yake.

Sasa mtazame yule kibarua. Jioni anakausha mikono, anapewa 500 zake, anaondoka. Akizipeleka kwa mtoto, akizinywa, akizicheza kamari, hakuna anayemuuliza. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya kulipwa na kutunzwa, na si tofauti ya kiasi. Ukipiga hesabu ya chakula, kitanda na hospitali, huenda dada amepata zaidi ya kibarua. Lakini kibarua ana kona moja ya maisha yake ambayo hamwelezi mtu. Mshahara ni pesa isiyo na maswali.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo 500. Siku mauzo yakiwa mabovu, kibarua analipwa kwanza. Lazima, kwa sababu asipolipwa leo kesho hatakuja. Dada hata asipopata kitu atakuja, maana analala chumba cha nyuma ya hoteli. Kwa hiyo ukifuata pesa zinavyotembea, unagundua zinaenda kwa anayeweza kuondoka. Uaminifu wa dada ndio unaomfanya awe wa mwisho kwenye foleni.

Nimemwekea Mama maneno haya mezani, tena zaidi ya mara moja, na Mama si mtu wa kukosa jibu.

"Na mimi nani alinilipa?"

Ni swali zito. Alianza mwaka wa 2009 na 15,000 za chama, jiko moja na benchi mbili za kuazima. Baba alikuwa ameshafariki. Kwa miaka minne alipika peke yake, akatulisha watatu, na hakuna mwisho wa mwezi ambao mtu alimletea bahasha. Kwake yeye hoteli si biashara inayomfaidi Mama huku ikimnyonya dada. Hoteli ni chungu kimoja, na wote tunakula humo. Kumlipa mtoto mshahara, anasema, ni kumfanya mgeni. "Mfanyakazi nikikosana naye namfukuza. Huyu nitamfukuza aende wapi?"

Tena hesabu ziko upande wake. Siku nzuri sana tunauza 12,000. Toa unga, mafuta, maziwa, maharagwe, gesi na makaa, kodi ya chumba, leseni ya kaunti, kibarua. Kinachobaki ni kama 1,500. Mlipe dada 500 na ujilipe wewe mwenyewe 500, umebaki na 500 za kuzibia sufuria ikitoboka na za kungoja Januari, mwezi ambao watu hawali nje. Utafiti wa biashara ndogo uliofanywa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, mwaka wa 2016 ulikuta kwamba biashara ndogo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa nchini katika kipindi cha miaka mitano. Yetu haikufungwa. Haikufungwa kwa sababu mpishi wake halipwi. Nasema hivyo bila kejeli. Biashara nyingi za familia zinazosifiwa kwa kudumu zinadumu hivyo, na anayezisifu angefanya vyema kuuliza zimedumu juu ya mgongo wa nani.

Watu wa takwimu wana jina la watu kama dada. Zamani, katika lugha ya kimataifa ya kuhesabu wafanyakazi, aliitwa mfanyakazi wa familia asiyelipwa. Mwaka wa 1993 wataalamu waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani walibadilisha jina: sasa anaitwa mfanyakazi wa familia anayechangia. Asiyelipwa limeondoka, anayechangia limeingia. Hakuna aliyeongezewa chochote, lakini jina limekuwa tamu.

Ila mimi jina hilo nalipenda, kwa sababu Mkenya anajua mchango ni nini. Sisi hatuchangi kimyakimya. Kwenye harambee mtu anasimama na maikrofoni, anasoma: fulani, elfu mbili, fulani, mia tano na ahadi ya elfu moja. Matanga yakitokea, hata kabla ya mwili kufika mochari kuna grupu la WhatsApp na orodha yenye namba, na kila anayetuma pesa jina lake linaongezwa chini na orodha inatumwa upya. Aliyetoa 200 ameandikwa 200. Hakuna anayesema kwamba kuandika kunaharibu upendo. Kinyume chake: usipomwandika mtu, umemtukana.

Basi kama dada ni mchangiaji, orodha yake iko wapi? Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la hoteli tunalo, lile la jalada gumu, na ndani yake yumo muuza maziwa, yumo wa makaa, wamo makanga wanaokula kwa deni mpaka Ijumaa. Kwa miaka 12 dada ndiye aliyekuwa akiandika humo kila jioni, kwa mwandiko wake mzuri. Jina lake halimo.

Sheria nayo ina namna yake ya kuchagua inachokiona. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 inaeleza mchango ni nini, na inasema wazi kwamba si pesa tu: kazi za nyumbani zimo, kulea watoto kumo, na kusimamia biashara ya familia pia kumo. Kazi hiyohiyo anayoifanya dada, ingefanywa na mke katika biashara ya mumewe, ingekuwa na jina mahakamani. Si kwamba mke anapewa nusu papo hapo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mmoja athibitishe alichochangia. Lakini angalau ana mlango wa kubisha. Mtoto je? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inasema mzazi asiye na mwenzi akifa bila wosia, mali yake inagawanywa sawa kwa watoto. Halafu kuna kifungu cha 42: mtoto aliyepewa mali mzazi akiwa hai, ile mali inahesabiwa kwenye fungu lake. Kwa hiyo sheria imekumbuka kuandika kile mtoto alichochukua. Kile alichotia, itabidi atafute wakili na mashahidi, na mashahidi wenyewe ni makanga wa steji ambao nusu yao wamehamia njia nyingine.

Hebu tulitazame hilo "sawa" kwetu. Tuko watatu. Kaka mkubwa yuko Nairobi, ameajiriwa, ana payslip. Mwaka wa 2018 alinunua friji ya hoteli, na hakuna Krismasi ambayo friji hiyo haitajwi. Dada ni wa pili. Mimi ni kitinda mimba. Mgawo wa sawa maana yake ni kwamba mimi, ambaye kazi yangu hotelini ilikuwa kuosha vikombe wikendi na kulalamika, nitapata theluthi ya kitu ambacho dada amekikanda kwa mikono yake tangu nikiwa darasa la saba. Hapo neno "sawa" linanikwama kooni.

Na mimi si mtazamaji tu katika jambo hili. Mwaka wa 2019 niliingia chuo kikuu. Sehemu ya gharama ilitoka HELB na sehemu ilitoka hotelini: chumba, chakula, na kile kiasi cha karo ambacho mkopo haukukifikia. Machi 2020 hoteli zote nchini zikaamriwa ziuze chakula cha kubeba tu, na steji ikawa tupu. Hata wa kubeba hakuwepo. Mwaka uliofuata niliacha chuo. Sasa naandika kwa malipo, makala hii hapa, tangazo la sabuni pale. HELB hawajanisahau. Kila senti waliyonipa imeandikwa, na riba ya asilimia 4 kwa mwaka juu yake. Ile sehemu ya pili iliyonisomesha, iliyotoka kwenye chapati, haina karatasi wala riba. Sitegemei ujumbe wowote wa simu kunikumbusha. Kwa hiyo kati ya wakopeshaji wangu wawili, aliyenipa zaidi ya uwezo wake ndiye ambaye mfumo mzima unanishauri nimsahau.

(Kwa kazi yangu hii ya kuandika nimejifunza kulichunga neno familia. Mteja akiniandikia "hapa sisi ni kama familia", nauliza bei mara mbili. Neno lile linatoka jikoni kwa Mama, na kule kwenye ofisi za watu wanajua vizuri linafanya kazi gani.)

Mwalimu Nyerere ndiye aliyeichukua familia akaifanya msingi wa uchumi wa nchi nzima. Mwaka wa 1962 alipoandika kuhusu ujamaa, hoja yake ilikuwa kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kila mtu alikuwa na uhakika wa kula. Lakini mwaka wa 1967, katika andiko lake kuhusu ujamaa na maendeleo ya vijijini, alikiri kwamba familia hiyo ya zamani ilikuwa na kasoro, na mojawapo ni kwamba wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao na hadhi yao ikawa ya chini. Mimi namheshimu kwa kukiri. Wengi wanaoisifu familia ya Kiafrika siku hizi hawafiki kwenye aya hiyo. Chungu ni kimoja, ndiyo. Anayekisugua ni nani?

Wiki moja mwaka huu nilikaa na kikokotoo. Kibarua ni 500 kwa siku. Siku 26 kwa mwezi ni 13,000. Kwa mwaka, 156,000. Kwa miaka 12, shilingi 1,872,000, na hapo nimemlipa mpishi mkuu bei ya muosha vyombo. Uza hoteli leo, na friji ya kaka, na sufuria zote, na jina letu zuri kwa makanga, hutapata 200,000. Deni ni kubwa kuliko biashara yenyewe mara tisa.

Nilimwonyesha dada ile namba. Alikuwa anasukuma chapati. Aliiangalia, akacheka sana, akaniambia: "Sasa wewe ukinilipa hizo, Jumatatu nitafanya kazi wapi?"

Kisha akasema kitu ambacho hesabu yangu haikukigusa. Hataki mshahara wa nyuma. Anataka jina.

Leseni ya kaunti ina jina la Mama. Mkataba wa chumba una jina la Baba hadi leo. Mwenye nyumba hajajali na sisi hatujamkumbusha. Namba ya Lipa na M-Pesa iko kwa jina la Mama, na hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu pesa nyingi siku hizi hazipiti mkononi. Wateja wanalipa kwa simu, na kila malipo yanajenga historia ya Mama. Mama akitaka mkopo wa biashara anaonyesha mauzo ya miaka. Dada, aliyepika kila sahani ya mauzo hayo, akienda benki ni mtu asiye na kazi. Hana payslip, hana akiba NSSF, hana taarifa ya akaunti. Mwaka juzi alitaka kukopa anunue mashine ya kukanda unga. Fomu ilimuuliza anafanya kazi gani na tangu lini. Aliacha mstari ule wazi, akarudi jikoni.

Naanza kuamini kwamba hiki ndicho wanachodai watoto wa maduka na hoteli na vinu vya kusaga. Anachodai dada ni kuwa na sehemu inayojulikana, na neno lake kuhesabiwa wakati wa kuamua, na yote mawili yaandikwe mahali mtu wa nje anaweza kuyasoma. Mshahara ungemfanya mfanyakazi wa Mama, na Mama ana haki kukataa hilo. Lakini akikataa kumfanya mfanyakazi, basi amfanye mwenye hoteli. Kumweka katikati, si wa kulipwa wala si wa kumiliki, ndiko kunakomgeuza mtoto kuwa kama kuruta wa kifungu cha 3.

Mama hana furaha na maneno haya, na hofu yake si ya uchoyo. Ana miaka 58. Pensheni yake ni hoteli. "Jina langu likitoka pale, mimi nitakuwa nani? Nitaanza kusema ninachotaka?" Alilisema hilo mwenyewe, bila mtu kumtuma, na nadhani alijisikia akilisema, maana alinyamaza. Kisha akaongeza lile jingine: dada akiolewa, hoteli itaenda kwa watu. Dada akamjibu kwamba akiolewa mapema kesho, chapati za Jumatatu zitakuwa zimeenda kwa watu pia.

Njia ipo, na si ngumu. Jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa watu wawili kama washirika, na makubaliano yao yakaandikwa: nani ana sehemu gani, nani anaamua nini, mmoja akiugua au akitaka kupumzika inakuwaje. Mama anaweza kubaki na jina lake na bado jina la pili likaingia. Leseni inafanywa upya Januari, kwa hiyo tuna wiki chache.

Tangu Juni dada amekuwa akichukua 300 kila jioni. Aliamua mwenyewe. Anaandika kwenye daftari, chini ya mstari wa kibarua, jina lake na kiasi. Siku ya kwanza Mama alisoma, akachukua kalamu, akauliza kwa nini 300 na si 500. Dada akasema biashara haiwezi 500. Mama akarudisha kalamu.

Kuhusu Januari, kwanza walibishana jina la nani liandikwe juu. Hilo limekwisha, la Mama. Sasa wamekwama kwenye sehemu: Mama anasema robo, dada anasema nusu. Niliandika yote kwenye grupu la familia ili kaka asije akasema hakuambiwa. Alijibu swali moja tu, kwamba friji itahesabiwa upande wa nani. Dada akamwandikia kwamba friji ni yake, aje aichukue. Tangu Jumanne zile alama mbili za bluu zipo, na kaka hajaandika kitu.